Pembe Iliyolia Mpaka Bendera

“Mama Agape, mume wako tulimzika wote, mbona bado anatuita kazini?”

Hilo ndilo swali ambalo Irine, jirani wa mpakani, alimuuliza Dorkas asubuhi moja ya kiangazi, akiwa amesimama mlangoni na jembe begani. Alikuwa anatania, lakini siyo sana. Pembe ilikuwa imelia kwenye simu yake kabla hata hajanawa uso, na sauti ile kila mtu wa kwetu Vudee anaijua. Ni ya marehemu Eliezeri.

Dorkas akamjibu, “Anaita kwa sababu mfereji umejaa mchanga, mama. Mchanga haujui kama alikufa. Twende.”

Wakacheka, wakaenda.

Nataka kuwaeleza habari za Dorkas, kwa sababu mengi yalisemwa mwaka ule kabla ya uchaguzi wa vitongoji, na waliosema sana hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika sufuria ya makande.

Dorkas amezaliwa hapa hapa, amebatizwa hapa, ameimba kwaya hapa mpaka sauti ilipoanza kukwaruza, akaomba akae benchi la nyuma. Ni mwanamke mfupi, mkimya, mwenye hatua za haraka. Aliolewa na Eliezeri, ambaye alikuwa mkulima kama sisi wote, lakini pia alikuwa mpuliza pembe. Kwetu Upareni kazi za pamoja tunaziita msaragambo: kusafisha mfereji, kuchonga barabara, kuziba ukingo wa ndiva. Ndiva ni bwawa letu la mawe na udongo. Usiku linajaa maji ya mfereji, asubuhi linafunguliwa kwa zamu, kila shamba na siku yake. Ikifika siku ya msaragambo, Eliezeri alikuwa anapanda kwenye jiwe lililo juu ya nyumba yake, anapuliza ile pembe ya tandala, sauti ndefu, inashuka mabonde yote. Ukiisikia unachukua jembe, au panga, au sururu, unakwenda. Anayekuja mikono mitupu anatozwa faini, hata awe mwinjilisti. Hayo tuliyakuta, hakuna anayeuliza.

Kifua kilipoanza kumsumbua Eliezeri, binti yao Agape alikuja kutoka Same mjini anakofanya kazi kwenye duka la dawa. Akamwambia, “Baba, puliza nikurekodi.” Mzee akapuliza mara moja tu. Ukisikiliza vizuri, mwishoni kabisa unamsikia akikohoa, na Dorkas anasema, “Inatosha, baba Agape, inatosha.” Mvua za vuli hazikumkuta. Bwana alimchukua.

Kamati ya mfereji haikupata mpuliza mwingine. Vijana wako Dar, wako Arusha, na waliobaki hawana pumzi ya pembe wala hamu yake. Basi Rodrick, kijana mwenye kibanda cha vocha na kuchaji simu pale njia panda, akaanzisha grupu la watsapu, akaliita Ndiva Yetu, akamfanya Dorkas admini mwenzake. Siku ya msaragambo Dorkas anarusha kwanza ile pembe, halafu anafuatisha sauti yake mwenyewe kueleza ni kazi gani, wapi, na nani alete nini. Watu wakawa wanakuja kuliko hata zamani. Watoto wetu walioko mbali nao wakaingia, wanasalimia wazazi, wanabishana siasa, wanauliza mvua. Mimi mwenyewe, nisiyeweza kuandika haraka, nilijifunza kubonyeza pale penye kipaza sauti. Nikasema “Bwana asifiwe,” nikasikia watu wanaitika kutoka kila upande wa nchi. Nilifurahi kama mtoto.

Ila kwenye simu ya Dorkas alikuwepo mtu mmoja ambaye hakuwa kwenye grupu. Aliitwa Resian, mama wa Kimasai kutoka boma la mzee Parsimei, huko chini tambarare. Walijuana gulioni siku za nyuma, mmoja anauza maziwa, mwingine anauza ndizi na maharage. Resian hakusoma, na Dorkas ana darasa la saba kama mimi, kwa hiyo walikuwa wanatumiana sauti. Huyu anasema habari za ndama, yule anasema habari za kikohozi cha mumewe. Eliezeri alipofariki, Resian alipanda mlima kwa miguu na kibuyu cha maziwa. Akakaa nasi mkekani mpaka jioni bila kusema neno. Wapo ndugu wa damu ambao hawakukaa hivyo.

Sasa kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Malambo ya tambarare yalikauka. Ng'ombe wakawa wanapandishwa gizani kuja kunywa kwenye mfereji wetu, kwato zinabomoa kingo, na asubuhi mtu mwenye zamu anakuta matope. Kijana mmoja wa kwetu akamtupia mchunga ng'ombe jiwe, likampata sikioni. Wenzake wakamvizia mkulima wetu wakamchapa fimbo hadi akalazwa. Ikafika mahali watu wanalala na panga nyuma ya mlango. Na uchaguzi nao ndio huo unakuja, kila anayetaka kiti ana neno la kusema juu ya ng'ombe, na maneno yenyewe yanazunguka kwenye simu mchana kutwa.

Resian ndiye aliyeanza. Alituma sauti, Dorkas akanisikilizisha tukiwa tunachambua mboga kwake: “Mama Agape, hawa wanaume watauana. Wazee wetu wanataka waonyeshwe mahali pa kunyweshea mchana, kule mwisho wa mfereji, maji yakishatoka mashambani. Lakini wanaogopa kupanda kuja kusema.”

Dorkas hakujibu siku ile. Aliomba. Kesho yake akaenda kwa Mzee Yonas, mwenyekiti wa kamati na mgawa maji, mtu mgumu lakini wa haki. Mzee Yonas akaenda kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji akaruhusu mkutano ufanyike Alhamisi, pale ndivani. Ndipo Dorkas akabonyeza simu mbele yangu akasema maneno ambayo nayakumbuka yote:

“Resian, mwambie Baba Parsimei waje Alhamisi. Waache mikuki nyumbani. Hakuna mtu wa kwetu atakayekuja na chuma mkononi. Nimesema mimi, mbele za Mungu.”

Jibu lilikuwa fupi. “Baba amesema, kama ni wewe uliyesema, watakuja na fimbo za kutembelea tu.”

Rodrick naye alikuwa anautaka uenyekiti wa kitongoji chetu. Si kijana mbaya. Aliona mkutano ule ukifanikiwa watu watamkumbuka siku ya kura, na si dhambi kutaka kukumbukwa. Alikuja kwa Dorkas Jumatano mchana.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba.”

“Mama, naomba urushe pembe. Ukisema tu ‘mkutano, mkutano,’ watu watajibu na vidole gumba halafu hawaji.”

“Pembe ni ya kazi, Rodrick.”

“Kwani amani siyo kazi?”

“Mdomo wako huo ndio utakupa kura,” Dorkas akamwambia. Hakupenda, niliona. Mwisho akarusha pembe, na papo hapo akafuatisha sauti yake: “Ndugu zangu, kesho siyo msaragambo. Ni mkutano na wenzetu wa chini. Nawasihi kwa jina la Bwana, njooni mikono mitupu.”

Watu wa grupu wakaitika, sawa mama, tumesikia mama. Tukalala.

Alhamisi asubuhi tulikuwa watatu jikoni kwa Dorkas, tunapika makande ya mkutano. Irine alikuwa analalamika kwamba zamu ya maji ya siku ile ilikuwa yake, imesimamishwa kwa ajili ya mkutano, na maharage yake yana kiu. Dorkas akawa anamtuliza. Simu ikaita. Alikuwa wifi yake, Eliakunda, dada wa marehemu, aliyeolewa Bendera, ng'ambo ya milima kabisa. Dorkas aliweka sauti kubwa kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta.

“Wifi, kuna nini huko kwenu? Mbona kaka anaita?”

“Anaita wapi?”

“Hapa Bendera! Nimekwenda kununua sukari, nasikia pembe ya kaka yangu kwenye simu ya kijana wa bodaboda. Namuuliza umeitoa wapi, ananiambia imerushwa tangu jana kwenye magrupu ya vijana, wilaya nzima wanayo, hata Kihurio. Kuna nini, wifi? Ndiva imebomoka?”

“Na maneno yangu je? Ile sauti yangu inayofuata?”

“Maneno gani? Ni pembe tupu. Chini wameandika ‘Alhamisi ndivani Vudee, tufurike.’”

Dorkas aliweka mwiko chini. Akampigia Rodrick. Kijana alipokea kwa furaha, nyuma yake kuna kelele za pikipiki.

“Mama! Leo tutafurika! Nimeirusha kila mahali.”

“Umerusha pembe peke yake?”

“Eh, ile sauti nyingine ilikuwa ndefu, mama, watu hawasikilizi sauti ndefu.”

“Rodrick, mwanangu. Mtu akisikia pembe, anakuja na nini mkononi?”

Tukasikia pikipiki ikizimwa. Hata Irine aliacha kulalamika. Halafu tukamsikia Rodrick akisema, polepole, “Yesu wangu,” na simu ikakatika.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nyinyi muelewe. Hakuna aliyekuwa amepanga ubaya. Watu wa vitongoji vyote vya juu na vya kati, ambao hawamo kwenye grupu letu na hawakusikia maneno ya Dorkas, walikuwa wanatoka majumbani mwao asubuhi ile na mapanga na majembe na masururu, kwa sababu ndivyo mtu anavyoitikia pembe. Na Parsimei na watu wake walikuwa wanapanda bila mkuki, kwa sababu Dorkas alisema hakuna chuma.

Akabonyeza simu. “Resian, msipande kwanza. Kaeni mlipo. Nisubirini.” Tukaitazama. Tiki moja. Akapiga, haipatikani. Kwenye lile bonde la kuja kwetu mtandao haushiki, kwa hiyo walikuwa wameshaingia njiani. Akatuma tena. Tiki moja.

“Tuyaache makande?” nikamuuliza.

“Yabebe. Nataka wakute chakula.”

Tulishuka karibu tunakimbia. Irine alibaki nyuma kutafuta viatu. Njiani tukawakuta wanaume wa kitongoji cha juu, kundi zima, majembe mabegani, wanaongea kwa raha kama siku zote za msaragambo.

“Shikamooni mama zetu.”

“Marahaba. Baba, leo siyo kazi, ni mkutano. Nawaombeni majembe yaacheni hapa.”

“Mkutano?” akasema mmoja, mtu mzima. “Mama Agape, pembe yako si imelia? Mimi nimeijua pembe tangu niko mgongoni. Mkutano hauna pembe.”

“Tukiacha majembe mtatuandikia faini,” mwingine akadakia, wenzake wakacheka. “Tunawajua nyinyi watu wa kamati!”

Dorkas akawashika mikono, mmoja mmoja. Wengine wawili watatu walilaza majembe yao kwenye majani kwa kumheshimu. Waliobaki wakapita, siyo kwa dharau, ila walikuwa wamezoea. Nikamsikia Dorkas anasema chini kwa chini, “Bwana, wachelewe. Tafadhali, wachelewe.” Alikuwa na maana ya wageni wake.

Hawakuchelewa.

Tulipofika walikuwa wameshakaa upande wa chini wa ndiva, kivulini mwa ukingo, wazee na mama mmoja, shuka zao nyekundu na bluu, fimbo zimelazwa chini mbele yao. Parsimei alikuwa katikati. Resian alinyanyua mkono kunisalimia. Pembeni alikaa kijana mmoja aliyesoma sekondari, Frederick, mtoto wa ndugu yake Parsimei, aliyekuja kutafsiri. Ndiva ilikuwa imejaa mpaka inameremeta kwenye ukingo, maji ya zamu ya Irine. Mzee Yonas alikuwa anawapanga watu wa grupu letu, hao wamekuja mikono mitupu kama walivyoambiwa.

Halafu njia zote zikaanza kutoa watu.

Walikuja kutoka juu, kutoka pembeni, kutoka kwenye barabara ya pikipiki. Wengi sikuwajua hata sura. Kila mmoja na chuma chake. Waliofika kwanza walisimama wakishangaa hakuna kazi. Waliofika nyuma yao wakasukuma wapate kuona, na walichoona ni wafugaji wamekaa kwenye ndiva.

“Kumbe ndiyo maana pembe imelia!” mtu akapiga kelele. “Wamekalia ndiva!”

“Wamekalia nini wewe, wamealikwa!” Mzee Yonas akajibu.

“Na nani?”

“Ng'ombe wao usiku, wenyewe mchana! Kesho watatuomba vitanda!”

Watu wakacheka, lakini kile kicheko sikukipenda. Frederick akasimama. Alitazama mapanga, akatazama jinsi walivyozungukwa, akatoa simu mfukoni akasogea pembeni mwa ukingo, mahali mtandao unaposhika. Akasema kwa Kimasai, maneno machache, haraka. Sikuelewa neno hata moja. Lakini Resian alielewa. Nilimwona akiziba mdomo kwa kiganja.

“Amesema nini?” Dorkas akamuuliza.

“Amewaita vijana. Walikuwa nyuma na mifugo. Hawako mbali.”

Rodrick ndipo akafika, shati limepigwa pasi, jasho limelilowesha lote. Akapanda juu ya ukingo. “Ndugu wananchi, naomba utulivu! Ni makosa ya kiufundi, ile sauti...”

“Shuka hapo! Umetuita tuje tupigwe picha za kampeni?”

“Si ndiye huyu aliyeandika tufurike? Haya, tumefurika! Tupe kazi!”

“Kazi si hii hapa imekaa!” sauti nyingine ikasema kutoka nyuma, na panga likanyanyuliwa juu, likaonyeshwa, likashushwa. Sijui kama alikuwa anatania. Nadhani hata yeye hakujua.

Dorkas alikuwa amesimama mbele ya Parsimei. Mzee yule hakuwa amenyanyuka. Alimtazama kutoka chini.

“Mama Agape,” akasema. “Ulisema hakuna chuma.”

Dorkas akageuka kutazama njia waliyopandia. Kule chini, kwenye njia ya vumbi inayotoka tambarare, nikaona vijana wanakuja mbio, na juu ya mabega yao kuna kitu kinang'aa kwa jua.

Nikaanza kusali Baba Yetu, nikakwama katikati, sijawahi kukwama tangu nijifunze.

Nilipofungua macho Dorkas hakuwepo pale. Alikuwa juu ya ukingo, anakwenda kwa ile miguu yake ya haraka mpaka kwenye tundu la ndiva. Tundu letu linazibwa kwa gogo lililofungwa magunia, na gogo lina mti mrefu unaosimama juu ya maji ili mgawa maji alivute. Hakuna anayeligusa ila mwenye kazi hiyo. Tangu nizaliwe sijasikia mwanamke ameligusa.

Mzee Yonas akamwona. “Dorkas! Dorkas, acha! Siyo zamu! Milango ya mashamba iko wazi!”

“Najua, baba,” akasema. Akaukumbatia ule mti, akauning'inia na uzito wake wote. Haukutoka. Akauning'inia tena. Gogo likang'oka ghafla naye akaanguka majini, na kule chini ya ukingo maji yakatoka kwa mngurumo, yakaingia mferejini.

Nyinyi msiolima kwa mfereji, ngoja niwaambie. Maji ya ndiva yakitoka bila watu kujiandaa, hayamwagilii, yanabomoa. Kila shamba lina mlango wake wa udongo. Yakikuta mlango wazi, yanaingia yanazoa mbegu na mbolea na udongo wenyewe. Mtu aliyekulia kwetu akisikia ule mngurumo hawezi kusimama kubishana. Miguu inaondoka yenyewe.

“Maji! Nani amefungua?”

“Kwangu kuko wazi! Jamani, mlango wangu!”

“Kimbia uzibe kule kwenye kona, utabomoka ukingo!”

Wakaondoka. Umati wote ule, hata wageni wa vitongoji vya mbali ambao hawana shamba pale, walikimbia kufuata mfereji, wanarukiana, wanaitana majina, majembe yanachimba udongo, mapanga yanakata majani ya kuziba. Yule aliyenyanyua panga nilimwona amepiga magoti topeni, anaziba mlango wa mtu asiyemjua.

Vijana wa Kimasai walipofika juu hawakukuta mtu wa kupigana naye. Walikuta migongo. Parsimei alikuwa ameshasimama, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, ameilaza kukata njia. Walisimama hapo. Kiongozi wao alikuwa anahema, anauliza kitu, anaonyesha kwa mkuki. Mzee akamjibu neno moja. Wakakaa chini, mikuki imelala.

Resian ndiye aliyemtoa Dorkas majini. Alimshika kwenye mikono akamvuta kama mtu anavyovuta ndama. Dorkas alikuwa amelowa chapachapa, kitenge kimemgandama mwilini, kiatu kimoja kimekwenda na maji. Nikampakulia makande kwa sababu sikujua la kufanya.

“Sasa watakuhukumu wewe,” Parsimei akamwambia.

“Ndiyo, baba.”

Mzee akapokea sahani yake, akala kwa kusimama, akasema makande yamekosa maziwa. Hapo ndipo nilipolia.

Mazungumzo ya njia ya ng'ombe yalifanyika alasiri ile ile, na watu wachache waliojaa matope. Hayakuwa mazuri sana, wanaume walikuwa wamechoka na wana hasira. Lakini walikubaliana mahali pa kunywesha, mchana, mwisho wa mfereji, kwa majaribio mpaka mvua.

Hukumu ya Dorkas ilikuwa Jumapili baada ya ibada, uwanja wa shule. Maji yalikuwa yamebomoa ukingo kwenye kona, na yalizoa maharage yote ya Irine, ambaye mlango wake ulikuwa umeachwa wazi kungoja zamu. Wengine walipata hasara kidogo, Irine alipata yote. Alisimama mbele ya watu, jirani wa mpakani, mikono kiunoni.

“Nilikutania kwamba mumeo anatuita. Kumbe anakuja kunizolea maharage! Kwa nini usifungue siku ya mwingine? Kwa nini zamu yangu?”

“Maji yaliyokuwepo ni yako, Irine,” Dorkas akasema. “Nisamehe.”

“Kusamehe nitasamehe. Wanangu watakula msamaha?”

Hakuna aliyemcheka, maana alikuwa anasema kweli. Rodrick akasimama bila kuitwa, akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyerusha pembe tupu. “Na kura zako zirushe,” mtu akamwambia, na huyo wakamcheka. Alikaa chini, uso mikononi. Parsimei alikuwepo, amekaa mwisho wa benchi na Resian, wakakaa mpaka mwisho, kama Resian alivyokaa siku ile ya msiba.

Kamati ikasema. Sheria ya ndiva ni sheria, hata kwa aliyeokoa watu, kwa sababu leo amefungua kwa wema, kesho mwingine atafungua akisema ni wema. Dorkas ataziba ule ukingo uliobomoka kwa mikono yake na watakaopenda kumsaidia. Zamu yake ya maji ya msimu ule ataichukua Irine. Na atatoka kwenye uadmini. Mzee Yonas alisoma hayo bila kumtazama. Kisha akamuuliza, kama desturi inavyotaka, kama ana neno.

Dorkas akasimama. Alikuwa amevaa viatu vya kuazima. Alishika simu yake kwa mikono miwili, akaitazama kidogo kama anayesubiri iite, halafu akainua uso akasema:

“Adhabu nimeikubali. Nina ombi moja. Ile sauti ya mume wangu, naomba muifute kwenye simu zenu, wote, sasa hivi, kabla mchungaji hajafunga kwa sala, na mliowatumia wenzenu muwaambie nao wafute. Ya kwangu naomba niachiwe.”